Nyie, kwa Lugha Mbili

Kwa Kikamba, nyie ni mimi. Kwa Kiswahili, nyie ni wengine wote, wale walio mbele yako. Nilisoma Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi na sikuona ajabu yoyote katika jambo hilo, kwa sababu mtu hasemi lugha mbili kwa pumzi moja. Mwalimu akisema nyie, tulijua ni sisi. Susu akisema nyie, tulijua ni yeye. Ndivyo tulivyoishi mpaka mwanasiasa mmoja alipolisimamisha neno hilo katikati ya mto wetu, peke yake, bila kitenzi.

Susu ni nyanya yangu, mama ya mama. Nilihamia kwake nilipomaliza darasa la nane, kwa kuwa shule iliishia hapo na yeye alihitaji mtu wa kumsaidia na punda. Nyumba yetu iko upande wa Kitui, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kanyangi, mahali mto unapopinda. Mto wenyewe hauna maji ya kuonekana. Maji hupita juu siku chache za mvua, yakibeba magogo na mara nyingine mbuzi, kisha yanatoweka. Mgeni akisimama ukingoni ataona barabara pana ya mchanga mweupe. Lakini maji yapo, yamelala chini ya mchanga, na ukichimba unayapata.

Kisima cha Susu kiko kwenye hilo pindo. Aliachiwa na mama mkwe wake. Amekizungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasikibomoe, na hakuna anayeteka pale bila kumwambia. Asubuhi, kabla ya kuteka, ukiinama unasikia maji yakipenya kwenye mchanga. Ni sauti kama ya mtu anayepumua akiwa amejifunika shuka mpaka usoni. Susu husikiliza kwanza. Husema si adabu kuingiza kata kisimani kabla hujajua kama mwenyewe ameamka.

Maji hayo ndiyo tunayokunywa, ndiyo wanayokunywa punda na mbuzi, na ndiyo yanayomwagiliwa sukuma wiki ambazo Susu hupeleka sokoni. Mchanga ukichukuliwa, maji hayana pa kulala. Hilo kila mtoto wa huku analijua kabla hajajua kuandika jina lake.

Ng'ambo ya pindo kuna ukuta wa mwamba. Ukiita, unakuitikia. Haurudishi maneno yote, unarudisha mwisho wake tu, na unachelewa kidogo, kana kwamba unafikiria kwanza. Watoto huuitia majina yao wakacheka. Mimi sikuwahi kufanya hivyo. Sauti yangu kuisikia mara moja ilikuwa inanitosha.

Mkutano ulifanyika pale pale pindoni, nikiwa bado shuleni. Yule mwanasiasa alikuwa mtu anayetafuta kiti cha wadi. Baba yake alizaliwa huku, lakini yeye alikulia kwenye miji ya barabara ya Mombasa, na Kikamba chake kilikuwa cha salamu na cha kuomba chakula. Watu walimpenda kwa sababu ya marehemu baba yake. Alikuja mtoni kwa kuwa ndipo palipo wazi na pana kivuli cha mikuyu, na pia kwa kuwa alikuwa amekuja kuzungumza juu ya malori.

Malori ya mchanga yalikuwa yameanza kushuka kwenye mto wetu miaka michache kabla. Yalikuja kutoka barabara kuu, yakapakia, yakaondoka, na kila mahali yalipopakia visima vilikauka.

Kabla ya kushika kipaza sauti yule mgombea alienda kwenye kisima cha Susu, akapiga magoti nje ya miiba, akaomba maji. Susu akamtekea kwa kata. Alikunywa yote, akapangusa mdomo kwa mkono, akasema kwamba hajawahi kunywa maji matamu namna ile. Nadhani kura ya Susu aliipata hapo.

Kisha akahutubu, kwa Kiswahili. Alisema yale malori hayabebi mchanga, yanabeba ulimi wa mama zetu. Alisema aliyeyaruhusu hana mama. Watu wakapiga makofi. Halafu akatulia, akatazama huku na huku, akauliza, "Nani ataulinda mto huu?" Hakuna aliyejibu, tukidhani ni swali la hotuba. Akajibu mwenyewe, kwa sauti kubwa.

"Nyie!"

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Kwetu sisi, yule mtu asiyejua Kikamba alikuwa ametoka katikati ya Kiswahili chake akaja nyumbani kwa neno moja. Mimi, alikuwa amesema. Mimi nitaulinda. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Susu alisimama kutoka kwenye mchanga bila kushikwa mkono. Mgombea naye, alipoona neno limefanya kazi, akauliza tena na kutuambia tumsaidie kujibu. Nani ataulinda mto huu? Tukajibu wote pamoja. Mimi pia nilijibu, kwa midomo tu. Tulipomaliza, mwamba ng'ambo ulichelewa kidogo, ukasema peke yake: nyie.

Watu wachache waligeuka kuutazama. Kisha fulana zikaanza kugawiwa.

Alishinda. Na mwanzoni, lazima niseme, alikuwa mtu wa neno lake. Alikuja mara kadhaa na askari wakayarudisha malori yakiwa matupu. Susu alikuwa akimwombea kanisani kwa cheo, si kwa jina, akisema, na yule mheshimiwa wa mto, Bwana, mlinde. Mvua moja ikapita, na nyingine. Mchanga ukajaa tena pale ulipokuwa umechotwa.

Halafu akahama chama. Hilo peke yake halikutushangaza, maana huku tumewaona wakihama vyama kama mtu anavyohamisha kiti kufuata kivuli. Lakini baada ya kuhama alianza kusema maneno mengine. Kwenye redio alisema mchanga ni mali ya wananchi na kwamba mali haikai chini ikilala. Dada yake Susu, aliyeolewa Makueni na anauza nafaka Mukuyuni, alikuja kututembelea akasema alimwona mheshimiwa wetu kule kwenye sherehe ya shule, akihimiza watu waitunze mito yao. Tulihesabu siku tukagundua kwamba ilikuwa wiki ile ile aliyotetea malori kwenye redio ya huku. Susu alicheka kidogo, akauliza kama dada yake ana hakika ni yeye. Yule bibi akasema sura ni ile ile, hata namna ya kupangusa mdomo. Baada ya hapo walitazamana, kama watu waliosikia kwamba jirani ameonekana mahali pawili kwa wakati mmoja.

Malori yalirudi. Safari hii askari walikuwa mbele, wakiyaonyesha njia.

Mheshimiwa aliitisha baraza Kanyangi, kando ya soko, kueleza. Susu alivaa nguo yake ya kanisani na tukaenda. Mheshimiwa alieleza mambo ya barabara, ya kazi kwa vijana, ya ushuru utakaojenga zahanati. Alieleza vizuri. Alipomaliza, Susu aliinua mkono, akamwambia kwa Kikamba kwamba yeye ndiye aliyempa maji, na kwamba siku ile alituahidi kuulinda mto kwa kinywa chake. Mheshimiwa hakuelewa yote. Akaomba atafsiriwe. Susu akanigusa bega, nami nikasimama, nikatafsiri kwa sauti ndogo kiasi kwamba muuza viatu aliyekuwa karibu alilazimika kuyarudia yote kwa sauti kubwa, kama karani wa mahakama, watu wakacheka.

Mheshimiwa naye alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri.

"Mama," alisema, "mimi siku ile niliuliza, nani ataulinda mto huu? Na nilijibu nini? Nilisema nyie. Nyie ni nyinyi. Kwani kuna mtu amewakataza kuulinda? Ulindeni."

Vijana waliokuwa nyuma yake walicheka tena. Lakini sisi wengine tulinyamaza, na kimya kile nilikiona kikitembea. Kilianzia kwa waliojua Kiswahili vizuri, kikapita kwa waliokijua nusu, kikawafikia kina mama wa nyuma waliokuwa wakinong'onezewa. Uso mmoja baada ya mwingine ulibadilika. Kila mtu alikuwa amerudi mtoni, siku ile, akilisikiliza lile neno upya. Na kila mtu aliona kwamba linawezekana.

Tuliporudi, Susu alitembea mbele yangu mpaka tulipovuka kijito cha pili. Kisha akaniuliza, "Mkono wake ulikuwa wapi?"

Nikamwuliza mkono gani.

"Alipolisema. Mtu akisema mimi, mkono unaenda kifuani. Akisema nyinyi, unawaendea watu. Wewe una macho mazuri, mke mwenzangu. Mkono wake ulikuwa wapi?"

Huniita mke mwenzake anapotaka kunichokoza au anapotaka nimwambie ukweli. Nilijaribu kukumbuka. Niliona mikuyu, niliona kipaza sauti, niliona saa yake iking'aa. Mkono sikuuona.

Wiki hizo hakuna lililozungumzwa zaidi ya ule mkono. Kisimani, kanisani baada ya ibada, penye mashine ya kusaga. Mama mmoja aliapa kwamba alijipiga kifua, tena mara mbili. Mwalimu wa kwaya alisema hapana, aliinyoosha mikono yote miwili kwetu kama mchungaji anayebariki. Mwingine alisema mkono mmoja ulikuwa mfukoni. Watu waliokuwa wamekaa bega kwa bega siku ile walikuwa wamemwona mtu tofauti. Wapo pia walionong'ona kuhusu kile kiapo cha zamani ambacho watu wa kanisa hawakitaji kwa jina, kwamba mheshimiwa aletwe akiruke, na akiwa mwongo kimdhuru, ijulikane. Susu aliwakatiza. Alisema sisi tumeokoka, na isitoshe, mtu ataapa kwa lugha gani?

Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akakumbuka kwamba alipiga video siku ile.

Tuliitazama kwenye simu yake, vichwa vikigusana, chini ya mti karibu na duka. Lakini kijana alikuwa amesimama karibu na mheshimiwa, mgongo umemgeukia, akipiga picha ya umati. Mheshimiwa haonekani. Kuna upepo, kuna sauti yake inatoka nyuma ya simu, na kuna sisi, tumekaa kwenye mchanga mweupe tukitazama juu. Sauti inauliza. Sauti inajibu. Nasi tunafungua midomo.

Nilijiona. Nilikuwa pembeni, nimevaa sweta ya shule, na mdomo wangu ulifunguka na kufungika bila kitu kutoka, kama wa samaki. Kijana alirudisha, akacheza tena. Ukiisikiliza kwa sikio la Kikamba, ni mtu anaahidi na watu wake wanafurahi. Ukiisikiliza kwa sikio la Kiswahili, ni sauti isiyo na mwili inawanyooshea watu kidole, nao wanaitikia kwa shangwe. Tuliicheza mpaka betri ikaisha. Mwishoni kabisa, baada ya makelele, unausikia mwamba. Na hata huo haukusema ulikuwa unazungumza lugha gani.

Kutoka siku hiyo watu hawakumtukana. Ningefurahi kama wangemtukana. Walianza tu kutoamini chochote, hata vitu vidogo. Chifu alipotangaza chanjo ya mbuzi, mtu aliuliza, mbuzi wa nani? Mchungaji aliposema tukutane Jumatano, mama mmoja aliuliza ni Jumatano ipi.

Malori yalikuwa yakija kutoka upande wa chini wa mto, yakipanda kidogo kidogo kuelekea kwetu. Nilikuwa nikienda kuangalia nikiwa na punda. Mahali ambapo palikuwa na mchanga pamebaki mwamba mtupu, mweusi, wenye migongo, kama wanyama waliolala wakafukuliwa. Kingo zilikatika. Mizizi ya mikuyu ilining'inia hewani bila kushika kitu, na upepo ukipita ilikuwa ikigongana. Kuna mahali punda alikataa kabisa kukanyaga. Alisimama, masikio mbele, akitazama shimo lisilo na kitu. Nilimvuta nikachoka, tukarudi kwa njia ya juu.

Msimu huo tulipanda mtama kwenye shamba lililo juu ya ukingo, mkabala na kisima. Ndege walikuwa wengi. Nilifunga miti miwili msalaba, nikaijazia majani makavu, na Susu akanipa fulana ya kampeni niivishe, ile ya uso wa mheshimiwa, kwa kuwa ilikuwa imebaki mpya. Nilikisimamisha kinyago hicho kikitazama mto, mikono imenyooka. Asubuhi iliyofuata nilikikuta kimegeuka. Kilitazama barabara. Nikadhani ni upepo, nikakigeuza na kukaza kamba. Kesho yake kilikuwa kimegeuka tena, na fundo langu lilikuwa kama nilivyoliacha.

Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilikigeuza na kila asubuhi kilikuwa kimenipa mgongo. Nikaanza kushuka mtoni nikikizunguka kwa mbali. Mpaka siku moja nilipoamka mapema nikamwona Susu shambani, mabega yake chini ya mikono ya kinyago, anakizungusha na mti wake wote kwenye shimo kama mtu anayecheza muziki. Aliponiona hakuona haya. Alisema hawezi kuosha miguu kisimani mtu huyo akimtazama. Tulicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Tangu siku hiyo nilikiacha kikitazama barabara.

Lakini maji yalikuwa yakishuka. Kamba ya mtungi iliongezwa, ikaongezwa tena. Asubuhi moja Susu aliinama kusikiliza kama kawaida yake, akakaa ameinama muda mrefu. Kisha akanivuta nami niinamishe kichwa. Tulisikiliza pamoja. Nilisikia damu masikioni mwangu, na pumzi ya Susu, na njiwa kwenye mikuyu. Chini hakukuwa na kitu.

"Amelala sana," alisema Susu. Hakuteka siku hiyo mpaka jua lilipokuwa juu, na alichopata kilikuwa nusu mtungi, chenye rangi ya chai.

Baada ya hapo tulianza kwenda kisimani mapema zaidi, kabla hakujapambazuka vizuri, na kina mama wa visima vingine pia, kila mmoja kwenye shimo lake kando ya mto, kwa kuwa maji kidogo yaliyojikusanya usiku ndiyo yaliyokuwepo. Hatukuonana. Tulisikiana tu vikombe vikikwaruza mchanga.

Ilikuwa saa kama hizo walipofika pindoni. Kwanza tuliona mwanga ukiyumba kwenye mikuyu, kisha lori likashuka, na lingine nyuma yake. Vijana wa kupakia wakaruka chini na sepetu zao. Msimamizi wao alikuwa mtu mnene mwenye koti la kung'aa, mwenye Kiswahili cha miji ya barabara kuu, na alikuwa na adabu. Alisimama nje ya miiba, akatusalimu. Alisema ameambiwa pindo hili ndilo lenye mchanga mzuri, kibali anacho, mheshimiwa mwenyewe amekubali, basi mama atoe mitungi yake lori lipate kugeuza. Susu hakutoka. Yule bwana akangoja, kisha akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kujua azungumze na nani.

"Haya, ni nani amesema hatuchoti hapa?"

Susu alinitazama. Hakunigusa bega safari hii. Alikuwa ameshuka mpaka mabegani ndani ya kisima, kata mkononi, na niliona kwamba kisima chote, na mama mkwe wake, na sukuma wiki, na punda, vyote vilikuwa vinangoja mtu mmoja aseme neno. Nilikuwa nikifikiri kwa Kikamba. Mtu akiogopa hufikiri kwa lugha ya nyumbani.

"Nyie," nilisema.

Nilikuwa nimesema mimi. Yule bwana akashtuka kidogo, akageuka akawatazama vijana wake.

"Sisi?" aliuliza. "Sisi ndio tumesema?"

"Nyie," alisema Susu, kutoka chini ya ardhi.

Yule bwana akageukia kisima. Halafu mwamba ng'ambo, ukiwa umefikiria kwanza, ukasema: nyie.

Sauti nyingine ikatoka upande wa chini wa mto, mahali pasipoonekana mtu. Alikuwa jirani yetu kisimani kwake, amelisikia swali na amelisikia jibu. Nyie. Kisha nyingine mbali zaidi, ya bibi mzee, kavu. Nyie. Na nyingine. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mmoja alijitaja tu, kwa zamu, gizani, kama watu wanaoitwa majina darasani. Na kila sauti ilipoisha mwamba ulikuwa unairudisha kutoka upande wa pili, kwa hiyo haikujulikana tena ni ipi ya mtu.

Kwetu sisi watu walikuwa wanasema mimi, mimi, mimi. Lakini niliwatazama wale vijana wa sepetu na nikajua wanachosikia. Walikuwa wamesogeleana. Mto mzima ulikuwa unawaambia, nyinyi. Nyinyi. Nyinyi.

"Bosi," mmoja alisema kwa sauti ya chini, "tuishie, twende zetu. Hapa si pazuri."

Bosi akasema ni akina mama tu hao. Akawasha tochi kuwaonyesha. Ilipiga mwamba, haikuona mtu. Ikapiga mikuyu, haikuona mtu. Ikapanda ukingoni hadi shambani kwetu, na pale kwenye mtama, akiwa amenyoosha mikono, alisimama mheshimiwa mwenyewe akiwatazama kwa tabasamu.

Sijui ni nani aliyekigeuza kinyago. Susu alisema kwamba asubuhi hiyo hakupita shambani, na nilikuwa naye tangu mlangoni. Labda upepo.

Hawakukimbia. Walipanda malori yao polepole, kama watu waliokumbuka kazi mahali pengine, na lori la nyuma likarudi kinyumenyume njia yote mpaka barabarani.

Walichota sehemu nyingine. Bado wanachota huko juu, na wanaoishi huko wanateseka. Lakini pindoni hawajarudi. Tunasikia kwamba vijana wa kupakia wanasimulia kuna mahali mto unakutaja kabla hujaugusa. Susu, kama mtu wa kanisa, hapendi hadithi hizo. Nilipomwuliza kama tuwaambie ukweli, alisema wacha kwanza mvua inyeshe.

Mvua ilinyesha. Mchanga ulirudi, si wote. Kisima hakijafika alama yake ya zamani kwenye jiwe, lakini kamba tumeifupisha.

Mwaka huu mheshimiwa alirudi na chama kingine, na rangi nyingine, na hotuba ya mwanzo. Mimi sasa nina kitambulisho na kura yangu. Mkutano ulifanywa pindoni, na watu walikuja, wengi kuliko ule wa kwanza, wakakaa kwenye mchanga. Alisema amekuwa upande wetu siku zote. Alisema watu wa malori walidanganya kwa kutumia jina lake. Alipiga magoti mbele ya miiba, mahali pale pale, akaomba maji, na Susu akamtekea. Hakumnyima. Akamwambia kwa Kikamba asikilize kwanza, naye akacheka kwa kuwa hakuelewa, akasimama na kata mkononi akaendelea kuhutubu kabla hajanywa.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele. Sikuusikiliza mdomo wake. Nilitazama mkono.

"Nani ataulinda mto huu?" aliuliza.

Mkono ulianza kupanda. Ulifika usawa wa tumbo, ukasimama, kwa kuwa ulikuwa unangoja sisi tuseme ili ujue uende wapi. Hatukusema. Watu wote wale, hakuna aliyekohoa. Mtoto mmoja alitaka kujibu, mama yake akamfunika mdomo taratibu. Mwamba ulifikiria, ukarudisha mwisho wa swali lake: huu. Mkono ulibaki hewani, si wa kifua na si wa watu, na mkono wa pili ulikuwa na kata iliyojaa, ikiinama kidogo, maji yakichuruzika kwenye mkono wa shati lake.

Aliuliza tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoanza kushuku kwamba haina mtu.

Susu aliinuka, akamwendea, akaichukua ile kata kutoka mkononi mwake kwa adabu, kwa mikono miwili. Akarudi nayo kisimani, akainama, akayamimina maji ndani. Kisha akabaki ameinama, sikio chini, nasi sote tukangoja pamoja naye.